Si Kila Maji Yapandayo Ni Bamvua

Jioni moja, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa tumeketi barazani katika Mji wa Kale, Mombasa, tukinywa kahawa tungu na kuungoja upepo usiokuja. Joto lilikuwa jingi hata muuza kahawa mwenyewe akawa ajipepea kwa kipande cha boksi. Mmoja wetu, kijana mwalimu wa shule ya msingi, akasema kwamba joto hili si la kawaida, na kwamba dunia inaungua kwa moshi wa viwanda na magari ya mataifa makubwa. Hapo mzee mmoja, nahodha mstaafu ambaye sote barazani twamwita Ami Nahodha, akaweka kikombe chake chini na kumjibu taratibu:

"Mwanangu, mimi nilianza kwenda Arabuni na jahazi kabla babako hajaoa. Kuna miaka ya jua na miaka ya mvua. Kuna kaskazi kali na kaskazi legevu. Dunia ni duara, nayo yazunguka. Joto hili lilikuja zamani likaenda zake, na sasa pia litakwenda zake."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu akanyamaza, kwani kwetu si adabu kijana kumkatiza mzee maneno. Nami nakiri kuwa nilikuwa miongoni mwa walioitikia.

Neno hilo lisingenikaa moyoni lau si kisima cha nyumbani kwetu. Shamba la ukoo wetu liko pwani ya kusini, si mbali na ufuo. Hapo pana kisima alichokichimba marehemu babu, maji yake matamu, na majirani wakiteka bila ya kulipa hata senti. Ulipokuja ule ukame ulioanza mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023, ambapo sehemu nyingi za nchi yetu na za Pembe ya Afrika zilikosa mvua misimu mitano mfululizo, maji ya kisima yakaanza kuwa na chumvi. Shangazi yangu, ambaye ndiye akaaye pale, alinipigia simu akataka ukoo ukutane tufanye shauri. Nikamwambia, "Shangazi, subiri. Huu ni mzunguko tu. Mvua zikinyesha, maji yatarudi kuwa matamu."

Mvua zikanyesha mwisho wa 2023, tena za mafuriko. Chumvi ikapungua kwa muda, kisha ikarudi. Shangazi akawa hununua maji kwa mitungi kutoka kwa wasukuma mikokoteni, na kila nilipokwenda kumzuru alinikaribisha kwa chai, kisha akaniuliza bila ya hasira, "Mwanangu, ule mzunguko wako umefika wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niache kuitikia kwa kichwa na kuanza kusoma na kuuliza. Haya niyaandikayo leo ni matokeo ya kusoma huko, na ni maoni yangu mwenyewe.

MZUNGUKO UPO

Kwanza nataka nimtetee Ami Nahodha, kwani wako vijana wanaodhani kuwa mtu akitaja mzunguko basi hana elimu. La hasha. Sisi watu wa Mwambao ni watu wa mizunguko. Kaskazi ndiyo iliyowaleta wageni kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ndiyo iliyowarudisha kwao. Baina ya pepo hizo mbili twaijua tanga mbili, wakati upepo usipokuwa na msimamo. Twaijua bamvua ijayo mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na twayajua maji mafu yaliyo katikati.

Wazee wetu hawakuishia hapo. Walijua kwamba mwaka wa Kiislamu, ambao hufuata mwezi, ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, na kwa hivyo Ramadhani huzunguka ikaingia wakati wa kipupwe na wakati wa kiangazi. Kwa saumu, Hija na Idi, hesabu hiyo ndiyo hesabu. Lakini kwa kutweka tanga haifai, kwa kuwa upepo haufuati mwezi. Basi wakaweka hesabu ya pili ya siku 365, ianzayo siku ya Nairuzi, wakaigawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Nahodha akijua uko mwongo wa ngapi, alijua lini aondoke na lini alipandishe jahazi pwani. Hawakuzichanganya hesabu hizo mbili, wala hawakuona kuwa moja yaikanusha nyingine. Msomaji, nakuomba ulishike jambo hili, kwani nitalirudia.

Wataalamu wa leo nao wanaijua mizunguko, tena mikubwa kuliko ya pepo zetu. Bahari ya Hindi ina bembea yake. Kuna miaka maji ya upande wetu wa Afrika yapatapo joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Sumatra yakapoa. Mawingu hutufuata sisi, na mvua ikatumiminikia. Wataalamu walioko Japani, N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao, waliieleza bembea hiyo mwaka 1999. Lakini kucheza, ilikuwa ikicheza tangu zama. Mvua kubwa za mwaka 1961, ambazo wakubwa wetu wanazikumbuka kuwa zilitangulia Uhuru, zilitokana na bahari kubembea hivyo, na Ziwa Viktoria likapanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache iliyofuata. Mwaka 1997 bembea hiyo ilikutana na El Niño ya Bahari ya Pasifiki, na sote twakumbuka barabara na madaraja yaliyochukuliwa na maji.

Tukirudi nyuma zaidi twaona makubwa zaidi. Dirk Verschuren na wenzake walisoma matope ya chini ya Ziwa Naivasha, tabaka kwa tabaka, na mwaka 2000 wakatangaza kuwa tangu karibu mwaka 1000 hadi 1270 nchi hizi zilikuwa kavu kuliko sasa, kisha zikaja karne za mvua zilizokatizwa na vipindi vitatu vya ukame. Huenda mkavu mmojawapo uliwagusa hata watu wa Gedi, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake kufikia karne ya 17, pamoja na vita, ni kupungua kwa maji ya visima. Na Sahara yenyewe, ambayo leo ni mchanga mtupu, ilikuwa na nyasi na maziwa hata miaka kama 5,000 iliyopita. Mserbia Milutin Milankovitch, aliyefariki mwaka 1958, alipiga hesabu akaonyesha jinsi dunia inavyoinama na kuyumba polepole katika njia yake ya kulizunguka jua, kwa vipindi vya maelfu na makumi ya maelfu ya miaka, na jinsi kuyumba huko kunavyoleta na kuondoa zama za barafu.

Kwa hivyo asemaye kuwa hali ya hewa haikupata kubadilika kabla ya magari kuundwa, hakusema kweli. Ami Nahodha ana haki yake, na tumpe.

LAKINI MZUNGUKO UNA KANUNI

Tatizo ni kwamba neno "mzunguko" si jibu. Ni mwanzo wa swali. Bamvua twaiita bamvua kwa kuwa twajua iletwayo na nini, twajua ije lini, na twajua kuwa itarudi. Mtu akikwambia maji yamepanda mwezi ukiwa wa robo, tena yamekaa wiki tatu hayajarudi, hutamjibu kuwa ni bamvua. Utashtuka. Tena utashtuka kwa sababu waijua bamvua. Asiyeijua ndiye atakayekaa kimya.

Basi na tuipime mizunguko mmoja mmoja.

Je, ni jua? Jua lina mzunguko wake wa miaka kama 11, ambapo madoa yake huongezeka na kupungua. Tangu mwaka 1978 nguvu zake zapimwa kwa vyombo vilivyo juu angani. Katika miaka yote hiyo jua limepanda na kushuka kwa kawaida yake, bila ya kuongezeka. Dunia ndiyo iliyozidi kupata joto.

Je, ni kule kuyumba alikokuhesabu Milankovitch? Mzunguko huo kwa sasa ulikuwa utupoeze polepole, na kwa maelfu ya miaka kabla ya viwanda ndivyo ilivyokuwa. Isitoshe, mwendo wake ni wa kobe. Kutoka katika zama za barafu zilizopita dunia ilipata joto la nyuzi kama tano, nayo ilichukua maelfu ya miaka. Sisi tumepata zaidi ya nyuzi moja katika muda wa miaka mia na hamsini hivi, na sehemu kubwa ya hiyo ni katika umri wa watu walioko hai barazani pale.

Je, ni volkano? Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, uliipoeza dunia kwa karibu nusu nyuzi, na baada ya miaka miwili mitatu mambo yakarudi yalivyokuwa. Gesi ya kaboni itolewayo na volkano zote duniani kwa mwaka haifiki asilimia moja ya ile itolewayo na binadamu.

Je, ni El Niño? El Niño huhamisha joto kutoka baharini na kulitia hewani, kisha huja mwenzake La Niña akalirudisha. Huweza kuufanya mwaka mmoja uwe mkali. Haiwezi kuifanya kila miaka kumi iwe na joto kuliko kumi iliyotangulia, na bahari nayo wakati huo huo ikawa yaongezeka joto. Mtu akitoa fedha mfuko wa kulia akazitia mfuko wa kushoto, hakutajirika. Mifuko yote miwili ikijaa, yuko mtu aliyetia.

MOSHI UNA ALAMA YAKE

Huyo mtiaji ni nani? Kwamba gesi ya kaboni huzuia joto lisitoke, si jambo la juzi wala si uzushi wa wanasiasa. Bibi mmoja Mmarekani, Eunice Foote, alilijaribu kwa mitungi ya kioo mwaka 1856. John Tyndall akalipima huko London mwaka 1859. Mwaka 1896 Msweden Svante Arrhenius akapiga hesabu kuwa watu wakizidisha gesi hiyo hewani, dunia itapata joto. Wakati huo Fort Jesus ilikuwa jela, na reli ya kwenda bara ndiyo kwanza ianze kutandikwa kutoka Mombasa.

Barafu ya ncha ya kusini ya dunia imehifadhi ndani yake viputo vya hewa ya kale, kama mtu aliyeziba chupa akaiweka. Viputo hivyo vyaonyesha kuwa katika miaka 800,000 iliyopita, pamoja na mizunguko yote niliyoitaja, gesi hiyo ilikuwa ikipanda na kushuka kati ya sehemu kama 180 na 300 katika kila milioni ya hewa. Kabla ya viwanda ilikuwa 280. Charles Keeling alipoanza kuipima kule Hawaii mwaka 1958, ilikuwa kama 315. Mwaka 2024 ilipita 420. Mzunguko wa miaka 800,000 haujapata kufika hapo hata mara moja.

Mtu atasema, pengine gesi hiyo imetoka baharini au msituni yenyewe. Hapana. Kila chenye uhai, awe mnazi, mkoko au changu, kina ndani yake chembe ya kaboni ya aina maalumu ambayo hufifia kadiri miaka ipitavyo. Hiyo ndiyo elimu waitumiayo wachimbuaji wa magofu kukadiria umri wa makaa na mbao za kale. Makaa ya mawe na mafuta yamelala ardhini mamilioni ya miaka, kwa hivyo kaboni yao imekwisha alama hiyo kabisa. Mwaka 1955 Hans Suess aligundua kuwa hewa tuivutayo inazidi kuchanganyika na kaboni hiyo kongwe isiyo na alama. Ni kama maziwa yaliyotiwa maji: hata mwuzaji akikana, kipimo kitamtoa.

Kuna na dalili nyingine, ambayo mimi naona ndiyo kubwa. Lau jua ndilo lililozidi ukali, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu sana. Lakini Syukuro Manabe, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alitabiri na mwenzake mwaka 1967 kuwa ikiwa sababu ni gesi, hewa ya chini itapata joto na ile ya juu itapoa. Ndivyo ilivyotokea. Mtu akijifunika blanketi, ndani hupata joto na nje ya blanketi joto hupungua. Hapana mzunguko wa jua uwezao kufanya hivyo. Ndiyo maana mwaka 2021 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa, lililoundwa mwaka 1988 na kwa miaka mingi likisema kwa tahadhari, liliandika kuwa mkono wa binadamu katika joto hili hauna shaka tena.

HESABU ZISICHANGANYWE

Sasa narudi kwa wazee wetu na hesabu zao mbili. Kosa langu mimi kwa shangazi halikuwa kuamini mzunguko. Kosa lilikuwa kutumia hesabu moja mahali palipotaka zaidi ya moja.

Tazama bahari. Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kiasi cha sentimita 20, ambazo ni karibu shibiri moja. Mtu wa Mombasa aweza kucheka, kwani maji yetu hupwa na kujaa karibu mita nne yakiwa ya bamvua. Shibiri ni nini mbele ya mita nne? Lakini ile bamvua hupanda juu ya shibiri hiyo. Mzunguko ni ule ule wa babu zetu. Sakafu ndiyo iliyoinuliwa. Kila bamvua kubwa sasa yaanzia juu zaidi, na yafika mahali isipopafika zamani.

Ndivyo yalivyofanywa matumbawe. Mwaka 1998 El Niño iliyatia joto maji yetu, na matumbawe mengi kuanzia Malindi hadi Kisite yakageuka meupe na kufa. El Niño ni mzunguko, sikatai. Lakini ilikuja juu ya bahari ambayo tayari ilikuwa na joto la ziada. Ikaja tena 2016, na mwaka 2024 matumbawe yakageuka meupe tena, hapa kwetu na kote duniani. Tumbawe huhitaji miaka mingi kupona. Mapigo yakifuatana hivi, litapona lini? Na tumbawe likifa, mvuvi wa mtumbwi asiye na mashine ya kumfikisha maji makuu atavua nini?

Hali kadhalika ule ukame wa 2020 hadi 2023. La Niña ilidumu miaka mitatu, na huo ni mzunguko. Lakini wataalamu walioupima mwaka 2023, Joyce Kimutai wa Kenya akiwamo, walikuta kuwa ukame wa ukali ule umefanywa uwezekane angalau mara 100 zaidi kwa sababu ya joto lililoletwa na binadamu, kwani joto hukausha hata ile mvua kidogo iliyonyesha.

Kisha kuna hesabu ya tatu, ambayo haimo katika mzunguko wala katika moshi wa ng'ambo. Ni ya mikono yetu wenyewe. Nilipolichunguza jambo la kisima chetu, niliambiwa na wajuzi wa maji kuwa ardhini maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kama samli juu ya mchuzi. Ukichota kwa ndoo, chumvi hukaa chini. Ukitia pampu ukavuta mchana na usiku, chumvi hupanda. Katika miaka kumi iliyopita jirani zetu wengi wamechimba visima virefu na kutia pampu, nasi wenyewe tulikodisha sehemu ya shamba kwa mtu aliyefanya hivyo hivyo. Kodi tukaila. Ukame ukapunguza maji ya juu, bahari ikasukuma kutoka chini, na pampu ikamaliza kazi. Nikimlaumu Mmarekani peke yake kwa kisima cha babu, nitakuwa mwongo. Nikilaumu mzunguko peke yake, nitakuwa mwongo zaidi.

NENO LIMFAALO NANI?

Yako mambo mawili ya kujibiwa kabla sijamaliza.

La kwanza ni la wale wasemao kuwa haya yote ni kudura, na kuyatafutia sababu ni kukosa imani. Kudura twaiamini. Lakini nyumba ya mtu ikichomwa moto, hatumwachilii aliyeutia moto kwa kuwa yote ni kudura, wala hatuachi kuuzima. Wengi wenu mmeihifadhi aya ya 41 ya Suratu Rum, sina haja ya kuinukuu. Sote twajua kuwa inapotaja uharibifu wa bara na wa bahari, yataja na mikono ya watu.

La pili ni la haki, nalo ndilo liniumizalo. Tangu viwanda vianze, Marekani peke yake imetoa takriban robo ya gesi yote ya kaboni iliyotolewa na binadamu. Afrika nzima, pamoja na ukubwa wake, imetoa kama asilimia 3. Leo China ndiyo itoayo nyingi kwa mwaka, na nchi za Ghuba, walikokwenda ndugu zetu kutafuta riziki, huishi kwa kuuza mafuta. Sisi mvuvi wetu, mkulima wetu na shangazi yangu ndio wanaolipa. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana huko Sharm el-Sheikh kuanzisha mfuko wa kuwasaidia walioathirika, na mwaka 2023 mfuko huo ukazinduliwa Dubai. Fedha zilizoahidiwa ni chache mno. Hata hivyo mlango umefunguliwa.

Sasa fikiri, msomaji mpenzi. Tukiketi barazani tukasema huu ni mzunguko tu, umekuja na utakwenda, tumemfaa nani? Mwenye deni hufurahi anapomsikia mdai akisema kuwa fedha zake zilichukuliwa na upepo. Neno tulidhanialo kuwa la busara ya wazee, ng'ambo ni neno la mawakili wa wauza mafuta.

Lakini mdai naye awe na mikono safi. Palipotaka kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, Lamu, karibu na mji uliomo katika urithi wa dunia tangu 2001, wenyeji walikwenda kushtaki, na mwezi wa Juni 2019 jopo la kuamua kesi za mazingira likakibatilisha kibali. Hao hawakusema ni mzunguko. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wanaitunza mikoko yao tangu 2013 chini ya mpango uitwao Mikoko Pamoja, wakiuza haki ya ile kaboni iliyohifadhiwa na miti hiyo, na mapato yakaleta maji ya mfereji na vitabu vya shule. Miti ile ile ambayo zamani tuliikata boriti tukaipeleka Arabuni kwa majahazi, hata serikali ikapiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982, leo yalipa ikiwa imesimama.

Juzi nilirudi barazani nikamkuta Ami Nahodha. Sikutaka kushindana naye. Nilimwuliza tu, "Ami, jahazini mkiona maji yamejaa katika ngama, mlijuaje kama ni ya mvua au ni ya tundu?"

Akacheka. "Hilo hata mtoto wa chomboni alijua. Ukumba maji, ungoje. Mvua ikikatika, maji ya mvua hayaongezeki. Yakizidi kuongezeka na mbingu nyeupe, basi utafute kalafati, hapana la kungoja."

"Na mvua ikiwa yanyesha, na tundu nalo lipo?"

Alinitazama kwa muda. "Basi ni mambo mawili," akasema. "Mvua mwachie Mungu. Tundu ulizibe."

Hakusema kuwa amebadili mawazo yake, na mimi sikumlazimisha. Mzunguko kwake ungalipo, na kwangu pia.

Mkutano wa ukoo ambao nilimzuilia shangazi hatimaye tuliufanya, miaka kadhaa baada ya wakati wake. Tumekubaliana na mpangaji wetu avute maji saa chache tu kwa siku, na tumewaendea majirani kuwaomba vivyo hivyo. Wengine wamekubali, wengine wasema tuwaache kwa kuwa mvua zitarudi. Watoto wa chuoni wamepewa daftari la kuandika kila Ijumaa kina cha kisima na ladha ya maji yake, ili siku mtu akija kutuuliza tumepoteza nini, tusimjibu kwa kukisia.

Maji bado yana chumvi. Lakini shangazi haniulizi tena mzunguko umefika wapi. Siku hizi aniuliza mkutano wa majirani utakuwa lini.